Pole Haiwashi Pikipiki

Kuna neno moja ambalo sisi wa Nairobi tumelitumia hadi likaisha makali: pole. Tunalisema tukimkanyaga mtu kwa matatu, tukimwaga chai ya mwenzetu, tukichelewa saa nzima. Ni neno zuri na sitaki life. Lakini kuna mahali nguvu zake huisha, na mahali pamoja ni pale pikipiki ya mtu inapolala chini kwa sababu yako. Hapo pole ni mwanzo wa mazungumzo. Wengi wenu mmeigeuza kuwa mwisho.

Hoja yangu ni fupi. Ukiangusha pikipiki iliyopaki, deni lako si kioo peke yake. Umemharibia mtu siku, na siku hiyo unapaswa kuilipa. Ulipe hata kama hukukusudia. Ulipe hata kama ilikuwa imepaki mahali usipopenda. Ulipe hata kama watu wa boda wamekuchosha kwa honi na kwa kupita upande mbaya wa barabara. Nimeendesha boda miaka minne, alfajiri kabla ya darasa na jioni baada ya darasa, kwa hivyo nitasema na nyinyi wenye magari na miguu, halafu nitasema na wenzangu pia. Hakuna atakayetoka hapa bila kuguswa.

Tuanze na chuma, kwa sababu watu wengi hawajui kitu kinachoangushwa ni nini. Mtu huona pikipiki imelala akadhani ni kama kiti cha plastiki: inua, pangusa, maisha yaendelee. Boxer ya 150 ina zaidi ya kilo 110. Ikisimama kwa stendi ya pembeni huwa imeegemea kushoto, kwa hivyo msukumo mdogo kutoka kulia unatosha kuilaza. Ikilala kushoto, vitu vya kwanza kugonga lami ni leva ya klachi, kioo cha pembeni, indiketa, pedali ya gia na pale pa kukanyagia. Ukiisukuma kutoka upande ule mwingine ikalala kulia, basi ni leva ya breki ya mbele, breki ya mguu na ekzosi. Na ikiwa imelala, petroli inatoka. Inachuruzika kwa kifuniko cha tangi na kwa kabureta, na huwezi kuirudisha.

Kuna uharibifu mwingine hauonekani. Leva ya alumini ikipinda, kishawishi ni kuikunja irudi. Inarudi kweli, na unaenda. Lakini mahali ilipopinda pamechoka, na siku ya kukatika haitakupigia simu kwanza. Itakatika kwa foleni, ama ukiwa unashuka mteremko na mama wa watu nyuma amebeba mtoto. Usukani nao unaweza kupinda kidogo tu, ukawa unaendesha mbele huku mkono mmoja umetangulia mwingine, na jioni bega linauma hujui kwa nini. Ndiyo maana fundi mzuri hakubali kazi ya kuinua na kupangusa. Atafunga petroli kwanza, atasimamisha pikipiki, atangoja kidogo kabla ya kupiga kiki kwa sababu injini imejaa mafuta, ataangalia oili, ataangalia kama gurudumu la mbele na usukani bado zinaelewana. Hiyo ni saa moja kabla hata hajashika spana.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Si imesimama, iko sawa," anachomaanisha ni kwamba yeye yuko sawa.

Sasa hesabu. Nitatumia yangu kwa sababu niliiandika kwa kijitabu, kama nilivyoandika kila siku ya miaka ile. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mtaa wa Kilimani, nje ya jengo la ofisi, saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa nimepaki nikingoja mteja ashuke. Gari kubwa likarudi nyuma kutoka lilipokuwa, likaibusu pikipiki yangu kwa bampa, ikaenda chini. Dereva alishusha dirisha nusu. Akasema, "Pole, bosi." Akanyoosha mkono na noti ya 500 katikati ya vidole viwili, jinsi watu hutoa tikiti ya maegesho. Nilipoinama kuzima petroli, gari lilikuwa limeshaingia barabarani.

Leva ya klachi, 250. Vioo, 300, kwa sababu duka lile linauza viwili pamoja hata kama kimevunjika kimoja. Indiketa, 200. Pedali ya gia kunyooshwa na kuchomelewa, 150. Kazi ya fundi, 300. Petroli iliyomwagika, kama lita moja, tuseme 180. Mpaka hapo ni 1,380, na yule jamaa ametoa 500. Wengi wangeishia hapo wakisema, sawa, alikosea 880.

Lakini nilitoka kwa fundi saa saba mchana. Asubuhi ndiyo mfupa wa boda. Watu wanakimbilia kazi, watoto wanaenda shule, mizigo midogo inahama kutoka Kirinyaga Road kwenda mitaani. Kati ya saa moja na saa tano nilikuwa napata kama 700. Siku hiyo sikupata kitu. Ongeza: 2,080. Toa 500: 1,580. Siku nzuri, baada ya mafuta na baada ya malipo ya mkopo wa pikipiki, nilikuwa nabaki na 600. Noti yake ya vidole viwili ilinifanyisha kazi karibu siku tatu bure. Na mkopo hauna pole. Pikipiki nyingi mnazopanda hazijawa za anayeziendesha. Ni za kampuni ya mkopo inayotaka pesa yake kila siku, ama ni za mtu mwingine anayengoja hesabu jioni. Ile ya kwangu ilikuwa ya mkopo. Simu ya kwanza ilikuja saa kumi, ya pili saa kumi na mbili.

Sisemi yule dereva ni mtu mbaya. Naamini alienda kazini akijua amefanya jambo la kiungwana. Mtu aliyetoroka kabisa anajua ametoroka. Aliyetupa 500 anaamini amelipa, na kesho atafanya vivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyemfungulia kijitabu akamwonyesha. Basi mimi ndiye huyo.

Najua mtajibu nini. Nimesikia majibu hayo kwa matatu, kwa kinyozi, hata kwa shangazi yangu.

La kwanza: mnapaki vibaya. Ni kweli, mara nyingi tumepaki kwa njia ya watu wa miguu. Lakini nionyeshe basi mahali pa kupaki. Boda ilianza kama baiskeli kule Busia, miaka ya 1960, ikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na jina lenyewe limetoka mpakani. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwa pikipiki ndogo, zile zisizozidi 250cc, na vijana wakaambiwa hii ndiyo kazi, chukueni. Tulichukua. Pikipiki zikaja kwa maelfu, na barabara zikajengwa, na majengo yakapanda, na karibu hakuna aliyechora mstari mweupe ukutani akaandika: hapa boda. Katikati ya jiji tumefukuzwa zaidi ya mara moja. Kwa hivyo tunasimama panapobaki. Na hata kama nimepaki vibaya, hilo ni kosa la kuniambia nisogee. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani mwako hupigi shoka halafu useme alikosea njia. Mnaenda kwa wazee, yeye analipa mahindi, wewe unarudisha ng'ombe akiwa na miguu minne.

La pili: ni vitu rahisi, leva ni bei ya soda mbili tatu. Sawa. Kama ni rahisi, lipa. Sijawahi kuelewa mantiki ya mtu anayesema kitu ni bei ndogo halafu anakataa kukilipa kwa sababu ni bei ndogo. Kwake ni ndogo. Kwa aliyelala njaa usiku wa jana ili mkopo usirudi nyuma, si ndogo.

La tatu ndilo zito: nikisimama, mtaniua.

Siwezi kuruka hili. Mwanzoni mwa Machi 2022, kwenye barabara ya Wangari Maathai ambayo wengi bado wanaiita Forest Road, waendeshaji boda walimzingira mwanamke aliyekuwa akiendesha gari, mwanadiplomasia wa kigeni, baada ya ajali. Walimvamia na kumdhalilisha kingono mchana, watu wakirekodi. Nchi nzima iliona ile video. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako wa boda nchi nzima, na baada ya siku chache msako ukasitishwa. Nilikuwa barabarani wiki hiyo. Kuna wenzangu walilalamikia msako kwa sauti kubwa kuliko walivyolaani kitendo, na aibu hiyo haijanitoka. Yaliyotokea pale hayakuwa kudai fidia. Ulikuwa uhalifu, na waliofanya walitumia ajali kama kisingizio. Mtu anayeita watu hamsini kwa ajili ya leva ya shilingi 250 hataki leva.

Lakini angalia jinsi mambo haya mawili yanavyolishana. Kila dereva anayetoroka anaifundisha steji nzima kwamba bila umati hakuna atakayelipa. Kila umati unaofanya unyama unawafundisha madereva wote kwamba usalama ni kukanyaga mafuta. Anayetoroka leo anamkusanyia mwenzake umati wa kesho. Umati wa leo unamwandalia mwenzake wa boda mtorokaji wa kesho. Na katikati yao wamekaa watu wawili ambao hawakuhusika: dereva mpole aliyegusa kioo kwa bahati mbaya, na kijana aliyekuwa amepaki akingoja mteja. Hao wawili ndio wanaolipa bili ya wengine wote.

Mduara huu hautakatwa na msako wa polisi wala na mahubiri. Utakatwa na watu wanaolipa mapema, kwa hiari, kabla ya mtu kuita mtu.

Na kama kweli unaogopa, sheria haikuambii ufe hapo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame gari lake likisababisha madhara, hata kama kilichoharibika ni chombo tu, na atoe jina na anwani kwa anayestahili kuuliza. Asipofanya hivyo pale, anatakiwa aripoti polisi haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24. Umeona watu wanakuja mbio na moyo unadunda? Enda hadi kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe, uache namba yako. Huko si kutoroka. Kutoroka ni kwenda nyumbani, kuosha bampa, na kunyamaza.

Mkisema bima italipa, someni tena ile stika. Bima ambayo Sura ya 405 inalazimisha kila gari kuwa nayo ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Leva yangu haikuvuja damu. Kuna bima zinazobeba pia mali ya mtu mwingine, lakini sijui dereva gani atajaza fomu, apige picha, angoje wiki, kwa ajili ya kitu cha shilingi 2,080. Naye mwenye pikipiki hawezi kungoja hata jioni.

Mahakama ipo, na vijana wengi hawaijui, kwa hivyo nitaitaja. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na uharibifu wa mali umo. Huhitaji wakili. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ni mahakama nzuri kwa aliyevunjiwa injini. Kwa aliyevunjiwa leva, siku 60 ni mkopo umekufa mara kadhaa. Ndiyo maana nasema sheria ni ukuta wa nyuma tu. Mbele yake lazima kuwe na adabu.

Na adabu hiyo inawezekana, hata bila pesa. Hili nililiona kwa macho, Ngara, steji yetu. Msichana wa chuo alikuwa anapenya kati ya pikipiki kukwepa maji ya mtaro. Mkanda wa begi lake ukanasa usukani. Akavuta, pikipiki ikaenda, ikaangukia nyingine, na hiyo ikaangukia ya tatu, kama domino. Watu wakasimama. Mwanaume mmoja asiye hata na pikipiki akaanza kupiga kelele kwamba asiachwe aende. Msichana hakuenda. Alitoa begi, akaliweka chini, akashika usukani wa ile ya juu akijaribu kuiinua peke yake.

"Ni mimi nimeziangusha," akasema. "Poleni. Sina pesa nyingi, lakini siendi."

Mwenyekiti wetu wa steji, mzee wa miaka hamsini na kitu, alimfukuza yule mpiga kelele kwanza. Halafu akamwambia, "Msichana wangu, kaa hapa kwa benchi, upumue. Hakuna mtu atakugusa."

"Asante, mzee. Mwenye hii ni nani?"

Mwenyewe akajitokeza, kijana mpole tu. Mbili hazikuwa na neno, kasoro vumbi. Ile ya kwanza ilikuwa imekatika leva na indiketa. Msichana akauliza vitu ambavyo sikuwahi kusikia dereva yeyote akiuliza. Kimevunjika nini? Fundi wako ni nani, anatoza ngapi? Halafu akauliza, "Na leo ulikuwa unatarajia kupata ngapi?"

Alikuwa na 350 kwa simu. Akatuma 300 pale pale, akaenda na kijana hadi Kirinyaga Road kununua leva, akaona bei kwa macho yake. Wakapatana 600 zilizobaki zilipwe Ijumaa. Kuna walionong'ona kwamba Ijumaa haitafika. Ijumaa ilifika, saa kumi na moja jioni, na yeye akafika nayo. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyesambaza. Mambo yakiisha vizuri hayana video, na hiyo ni sehemu ya tatizo letu: tunajua sura ya umati, hatujui sura ya benchi.

Wenzangu wa boda, sasa ni zamu yenu. Benchi lile lazima liwe kwa kila steji. Pikipiki ikiangushwa, azungumze mtu mmoja, mwenyewe, na mwenyekiti akiwa kando. Wengine rudini kwa wateja. Asiguse mtu ufunguo wa gari la mtu, wala simu yake, wala mwili wake. Anayemgusa mwanamke akisema anatetea boda, huyo si mwenzetu, na sisi wenyewe tuwe wa kwanza kumpeleka kituoni. Bei iwe ya duka, na risiti ionekane. Usiingize mkwaruzo wa mwaka jana kwa bili ya leo. Usimuuzie mtu usukani mpya kwa sababu amekuja na gari kubwa. Siku unayomtoza mtu 8,000 kwa kitu cha 1,000, umewaibia wote watakaoangushiwa baada yako, maana yule hatasimama tena maishani.

Na pakeni vizuri panapowezekana. Acheni nafasi ya mama mwenye mtoto mgongoni na ya mtu wa kiti cha magurudumu. Tukidai siku zetu ziheshimiwe, njia ya miguu ya wengine pia ni siku yao.

Wewe mwenye gari, mwenye begi, mwenye haraka, sikuombi unionee huruma. Huruma ndiyo iliyonipa 500. Nataka hesabu: vitu, fundi, mafuta yaliyomwagika, na saa ambazo mtu hatafanya kazi. Shuka chini. Saidia kuinua, kwa sababu kilo 110 si za mtu mmoja. Toa namba yako kabla hujaombwa. Kama hukumkuta mwenyewe, mwachie mlinzi au mama wa kibanda, ama uandike karatasi na uibane chini ya kiti. Kama pesa haitoshi, sema haitoshi, na utaje Ijumaa unayomaanisha.

Halafu uliza yale maswali matatu. Kimevunjika nini? Fundi ni nani? Leo ulikuwa unatarajia kupata ngapi? Mawili ya kwanza, madereva wachache wamewahi kuniuliza. La tatu, kwa miaka minne yote barabarani, nimelisikia mara moja tu, na aliyeuliza alikuwa na shilingi 350.